Aliyelitia Maji Tembo la Randu

Kaskazi ya mwaka ule wa arubaini na nne iliwapata watu wa Bofu, huko Likoni, hawana akiba ya maji wala ya subira. Vuli ilikuwa imepita bila kulowesha hata makuti ya paa, na masika ya kabla yake yalipiga hodi tu mlangoni yakaenda zake. Visima vya karibu na bahari viligeuka chumvi, maana maji matamu yakichotwa kupita kiasi bahari hujisogeza ichukue nafasi. Vya juu vilibaki tope, kisha vikabaki mashimo. Watu walilala nje kwenye mikeka, wakapika mara moja kwa siku, na maji yaliyooshewa mihogo yalimuogesha mtoto kabla hayajamwagiwa mpapai. Kwamba ulimwenguni kulikuwa na vita, watu walijua, lakini vita vya Bofu vilikuwa vya ndoo.

Ndani ya joto hilo Randu wa Jefwa akachagua kuoa.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Waliomwambia amechelewa aliwajibu kwamba alikuwa juu ya mnazi, na hakuwa akidanganya, kwani kazi yake ilikuwa ugema. Alikwea asubuhi na alikwea jioni, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni na kibuyu mgongoni, katika minazi tisa aliyokodi kwa Mzee Faki. Mzee huyo tembo kwake lilikuwa haramu, ila kodi ya minazi hakuwahi kuikataa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Randu alisifiwa miaka minane mfululizo tangu avuke kuja Likoni, na hakutia hata tone. Jina hilo ndilo lililokuwa mali yake, zaidi ya kitanda cha kamba na shati moja la Jumapili.

Mwanamke aliyemtaka alikuwa Kache, binti wa tatu wa Gershom. Kache alikuwa mrefu, mwepesi wa ulimi, na alikuwa amekwisha kuwakataa wachumba wawili, mmoja wao kwa sababu alipiga mluzi akiwa anakula. Baba yake alikuwa seremala, na siku za Jumapili ndiye aliyesoma somo kanisani kwa sauti iliyowaamsha hata waliosinzia nje. Gershom alikuwa mtu mwema, lakini tembo hakulitaka nyumbani kwake, na aliposikia nani anamposa mwanawe alisema maneno machache tu.

"Mgema simkatai. Mlevi ndiye nisiyempa binti."

Randu akaapa siku hiyohiyo kwamba tembo halitapita midomoni mwake tena. Watu walicheka. Mgema asiyeonja! Lakini Randu alishika neno lake. Miezi miwili alikwea, akagema, akateremka, akauza, na ulimi wake ukabaki mkavu kama ulimi wa kila mtu kaskazi ile.

Sasa, Gershom alikuwa Mkristo, lakini ukoo wake ulikuwa ukoo, na mila haiachi mtu kwa sababu amebatizwa. Binti wa kwao haposwi bila kadzama, kile kibuyu kikubwa cha tembo ambacho mchumba hukileta mbele ya wazee. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa imepata njia yake. Kadzama ikifika, Gershom huketi kwenye kiti chake na kukigeuza kielekee ukutani, na nduguye mdogo, Boga, huonja kwa niaba ya ukoo. Binti huulizwa, "Tembo hili tulinywe, au tulimwage?" Akisema linyweni, amekubali. Mabinti wawili wakubwa wa Gershom walikuwa wameolewa hivyo, baba akitazama ukuta.

Jumapili ile, jua likiwa limekaa juu ya paa na halina haraka ya kuondoka, Randu akaileta kadzama yake. Alikuwa ameikinga kwa uangalifu. Minazi minane kati ya tisa ilikuwa imechoka, ikitoa tembo la kulowesha kifuu tu, lakini mmoja uliopinda, uliosimama peke yake bondeni, ambao yeye aliuita Kibiongo, ulikuwa ukijaza kibuyu kila kukicha. Basi tembo lote la kadzama akalitoa kwa Kibiongo, lisichanganywe, liwe safi.

Gershom akageuza kiti. Boga akakohoa kwa heshima.

"Kache," akasema Boga, "tembo hili tulinywe, au tulimwage?"

"Linyweni, ami," akasema Kache bila hata kuinamisha macho, na Randu akahisi moyo wake umekwea mnazi bila kumngoja.

Boga akapiga funda la kwanza, akalizungusha mdomoni. Akapiga la pili kwa ajili ya haki. Akapiga la tatu kwa ajili ya kiu. Kisha akaiweka chini kata aliyochotea na kumtazama Randu kwa huzuni ya kweli.

"Mwanangu," akasema, "hili limetiwa maji."

Kama ingekuwa mwaka mwingine wangesema mengi juu ya heshima na juu ya wagema wa siku hizi. Mwaka ule kilichofuata kilikuwa sauti ya shangazi mmoja kutoka mlangoni.

"Maji? Ameyatoa wapi?"

Hapo ndipo kila mtu alipogeuka. Randu alikitazama kibuyu chake. Tembo lile hakuwa amelionja. Aliuza kwa kuliamini, na alilileta hapa kwa kuliamini, na Boga, pamoja na mapungufu yake yote, alikuwa na ulimi usiodanganyika.

Gershom alisema bila kuugeuza uso kutoka ukutani.

"Tembo silijui. Maji nayajua. Binti yangu huamka alfajiri aende mpaka karibu na Mtongwe kuchota debe moja la tope. Mtu mwenye maji ya kuchezea, akayaficha, watoto wa watu wanalamba midomo, mimi simpi mwanangu. Nakupa mpaka Jumapili ijayo utuoneshe ulikoyatoa. Ukishindwa, usirudi."

Boga akalimwaga tembo uani, kama mila inavyotaka, ingawa hakulimwaga lote.

Jumatatu Randu hakuwa tena mgema. Alikuwa mtu mwenye kisima cha siri. Alipokwea minazi aliwaona wanawake wanne wamekaa chini wakijifanya wanasuka ukili. Alipokwenda msalani mmoja alimfuata mpaka kwenye kiambaza. Jirani yake Pascalia, mke wa mfanyakazi wa bandarini aliyetoka bara, alikuja mlangoni na debe tupu na tabasamu.

"Mimi si mtu wa kusemasema, shemeji," akasema. "Nigawie debe moja tu, na hata mume wangu hatajua."

"Mama, sina maji! Wallahi sina!"

"Ndiyo, ndiyo. Mwenye nayo hawezi kusema anayo." Akamkonyeza. "Basi nusu debe."

Randu hakuwa mtu wa kulia, lakini usiku ule alijilaza kwenye kitanda chake cha kamba akaona jina la miaka minane limemwagika uani pamoja na lile tembo. Na jina angelivumilia. Kumkosa Kache ndiko asikoweza kukuvumilia. Tangu amjue alikuwa akipanga maneno ya kumwambia kila jioni, na sasa maneno yale hayakuwa na pa kwenda.

Jumanne asubuhi alimkuta njiani, debe kichwani, vumbi mpaka magotini. Kache hakusimama, kwa hiyo Randu akageuka na kutembea naye.

"Ulitia maji?" akauliza Kache.

"Sikutia."

"Lilikuwa na maji?"

"Sijui."

"Hujui? Mgema hujui tembo lako? Hukulionja?"

Randu akatazama vidole vya miguu yake. "Nimeacha kuonja. Tangu baba yako aseme lile neno."

Kache akacheka. Akacheka mpaka akalazimika kulishika debe kwa mikono miwili, na halikumwagika hata tone, maana mwaka ule watu walikuwa wamejifunza kucheka kwa shingo iliyonyooka.

"Umeacha kuonja kwa ajili ya baba!"

"Kwa ajili yako."

Hilo lilimkatiza kicheko. Akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Basi nisikize. Wewe hukutia, nami nakuamini. Ami Boga hasemi uongo kuhusu tembo. Kuhusu mengine husema. Kwa hiyo maji yaliingia. Tembo lile lilitoka mnazi gani?"

"Kibiongo. Ule wa bondeni."

"Lote?"

"Lote. Mingine imekauka. Yeye anajaza kibuyu kila siku, tena kuliko alivyojaza miaka ya mvua."

Kache akalisogeza debe lake kidogo kichwani.

"Na huyo Kibiongo," akasema, "yeye anakunywa wapi?"

Akaendelea na safari yake. Randu akabaki amesimama katikati ya njia, juani, mdomo wazi kama kuku.

Miaka minane alikuwa ameuangalia mnazi kutoka juu: makuti yake, karara zake zinazotoa tembo, nyuki wake. Chini hakuwa ametazama ila pale alipokuwa akiogopa kuanguka. Mnazi unaotoa tembo jingi na jepesi katikati ya ukame unalitoa wapi, kama si miguuni mwake?

Lakini neno lake tupu lisingetosha, na kuonja alikuwa ameapa hataonja. Akaenda kwa Boga.

"Ami, nahitaji mtu wa kuonja tembo la minazi yangu yote tisa. Kila kibuyu nikiteremshe mbele ya macho yake, asinipe nafasi hata ya kutema mate."

"Minazi tisa?" akauliza Boga, akiwa tayari anavaa viatu.

Jumatano, jua halijapanda, walianza. Kwa haki lazima isemwe kwamba Boga alifanya kazi kwa bidii. Alisimama chini ya kila mnazi, mikono mgongoni, macho juu. Randu akiteremka alikichukua kibuyu mikononi mwake kabla miguu haijagusa mchanga. Mnazi wa kwanza tembo lilikuwa kidogo na kali, likamtoa machozi. Wa pili vivyo hivyo. Mpaka wa nane, Boga alikuwa akisema "Kali!" na kutikisa kichwa, na kila kichwa kilipotikiswa mwili nao ulikwenda upande uleule. Walipofika kwa Kibiongo kibuyu kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Boga akapiga funda, akasimama wima ghafla.

"Maji!" akapiga kelele. "Hili hapa! Hili lina maji! Na wewe hukulitia! Nimekuona! Mnazi wenyewe ndio umetia!" Akaukumbatia mnazi. "Mwizi mkubwa wewe!"

Shida ni kwamba shahidi huyo, kabla hajatoa ushahidi, ilibidi avuke uwanja mzima wa Gershom, na hakuuvuka kwa mstari mmoja. Gershom aliweka randa chini.

"Kaka, ninashuhudia," akaanza Boga.

"Mitume siku ya Pentekoste," akasema Gershom, "walisingiziwa kuwa wamelewa, nao hawakuwa wamelewa, kwani ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Sasa ni saa tatu ya asubuhi, Boga, nawe umelewa. Nenda ukalale."

Ikabaki njia moja. Randu akaenda kwa Mzee Faki, akamkuta barazani akijipepea kwa kipepeo cha ukindu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wale wanawake waliokaa shambani mwangu wanangoja nini?"

Randu akaeleza. Mzee Faki alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Chimba, bismillahi. Ukipata maji, sadaka yangu na thawabu zangu. Ukikosa, shimo ni lako." Akaacha kujipepea. "Lakini ukikata mizizi yake na ukayachota maji yake, mnazi huo hautakupa tembo tena. Ndio uliokubakia. Umefikiri?"

"Nimefikiri, mzee," akasema Randu, ingawa alikuwa akifikiri wakati huohuo, na fikira zenyewe zilimuuma.

Akaanza Jumatano hiyo alasiri. Pima ya kwanza, kimo cha mtu mzima, ilikuwa mchanga, na mchanga mkavu haupendi shimo. Kila alichokitoa nusu yake ilirudi. Alhamisi alifika kwenye jiwe la matumbawe, akalipiga kwa mtaimbo mpaka malengelenge yakapasuka. Ijumaa watu walianza kuja kutazama, wakasema walivyozoea kusema watu wasiochimba. Kwamba huyu anachimba kaburi la jina lake. Kwamba mbona hachimbi kwenye kisima chake cha siri. Pascalia alileta debe lake na kuliweka ukingoni, tupu, na hilo peke yake lilimtia Randu nguvu kidogo.

Jumamosi jua lilimpanda mgongoni na kukaa. Alikuwa pima tatu chini, na jiwe lilikuwa jiwe. Alipiga, akapumzika, akapiga, na moyoni alikuwa amekwisha kuanza kumuaga Kache. Kisha kamba iliyokuwa ikining'inia ukingoni ilitikisika na karai likashuka. Akatazama juu, akaona uso wa Kache umezungukwa na mbingu.

"Jaza," akasema Kache. "Nitavuta. Kwani unadhani utamaliza leo ukipanda na kila karai wewe mwenyewe?"

"Baba yako?"

"Anapiga randa. Jaza!"

Wakafanya kazi hivyo hadi alasiri. Karibu na saa kumi mtaimbo ulizama bila kutoa sauti. Randu akauchomoa, ncha yake ilikuwa na mchanga mweusi. Akachimbua kwa mikono. Mchanga ukawa mbichi, ukawa baridi, na katika alama ya kiganja chake likajikusanya taratibu dimbwi dogo la kutosha mdomo mmoja. Akainama akanywa. Yalikuwa matamu, maji ya pepo, hayana hata punje ya chumvi. Randu alikaa chini ndani ya shimo lake, akalia bila aibu, na hakuna aliyemwona isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa juu, ambaye naye alikuwa akilia.

Usiku wote Bofu haikulala. Mistari ya ndoo, madebe, mitungi na masufuria ilipinda kutoka bondeni mpaka njia kuu, na Pascalia alikuwa wa kwanza, na alichota debe zima.

Jumapili asubuhi Randu alikwea Kibiongo, na kibuyu alichokuta juu kilikuwa kitupu. Akasukuma karara kwa kidole, akasubiri, hakikutoka kitu. Akaupigapiga mnazi shinani alipoteremka, kama mtu anavyompiga rafiki bega, akawa na majonzi ya kweli kwa kitambo. Mingine minane kwa pamoja isingejaza hata shingo ya kadzama. Na kadzama ilitakiwa siku hiyo, mtu asiende mikono mitupu.

Alasiri akaingia nyumbani kwa Gershom na kadzama yake begani, imejaa. Wazee walikuwa wameketi. Gershom alikuwa amekwisha kukigeuza kiti kielekee ukutani. Boga, akiwa na uso wa mtu aliyekaa siku nne bila kusamehewa, akachota kata, akanusa, akashtuka.

"Haya ni maji!"

"Ndiyo, ami. Mnazi umekauka. Sina tembo. Nimeleta yaliyobaki."

"Kadzama ya maji!" Boga akawageukia wazee, akatafuta wa kumuunga mkono. "Haijapata kutokea! Nitaonja nini mimi?"

Kiti kikakwaruza sakafuni. Gershom alikuwa amekigeuza. Akaketi akiwaelekea wote, akaunyosha mkono.

"Nipe kata hiyo," akasema. "Miaka yote wewe umenionjea. Hii nitaionja mwenyewe."

Boga akampa. Gershom akaishika kwa mikono miwili, akatazama mbele, na ndipo ilipomjia kwamba hakuwa amewahi kuziona nyuso za binti zake saa kama hii. Wawili walikuwa wamesema neno lao akiwa anahesabu nyufa za ukuta. Akamtazama Kache, aliyesimama mlangoni na vumbi la kisima bado kwenye nywele zake.

"Mwanangu," akauliza, na ile sauti ya kanisani ilikuwa imempotea, "tuyanywe, au tuyamwage?"

"Kaskazi hii, baba?" akasema Kache, macho yake kwa Randu. "Nani wa kumwaga maji?"

Gershom akanywa mpaka mwisho. Kibuyu kilikuwa cha mgema miaka minane, na harufu ya tembo haiishi kwa kusuuzwa mara moja, kwa hiyo alilamba midomo, akaitazama kata, akamtazama mkwewe. Kisha akainyosha tena, ijazwe.